Kuipa Samani Kuukuu Sura Mpya kwa Rangi

Samani ni vyombo vya nyumbani, shuleni au ofisini vinavyotumika kukalia, kulalia, kulia chakula, kuandikia au kuhifadhia vitu. Kiti, meza, kabati, kitanda, stuli na dawati vyote ni samani. Samani kuukuu si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kilichokufa ni ngozi ya juu tu, yaani vanishi au rangi, na mbao iliyo chini yake bado ina miaka mingi ya kufanya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiondoa ngozi hiyo na kuweka nyingine, na yanaeleza pia kwa nini kila hatua inafanywa. Hilo la "kwa nini" ndilo linalowapotezea wanafunzi alama. Mtu anaandika "tunapiga msasa ili meza ipendeze", kisha anashangaa kupewa nusu alama. Msasa haupigwi ili meza ipendeze.

Mfano wetu: meza ya kusomea, Lukole

Tuupeleke mfano wetu Lukole, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Wengi wanalifahamu jina hili kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, Warundi wengi walivuka mpaka kuingia Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wanyarwanda walirejea kwao mwishoni mwa 1996, lakini Warundi waliendelea kuishi Lukole, na kuna kipindi kambi ilikuwa na watu wapatao 100,000. Ilifungwa mwaka 2008.

Umati wa namna hiyo hupika kwa kuni na hujenga kwa miti. Vilima vilivyozunguka makambi ya Ngara vilipoteza miti mingi, na mti wa mbao haukui kwa msimu mmoja kama maharage. Kwa hiyo mtu wa Lukole anapoitazama meza kuukuu iliyotupwa nyuma ya nyumba, anatazama mti ambao hautahitaji kukatwa tena.

Tuseme basi ni meza ya kusomea. Ina urefu wa mita 1.2, upana wa mita 0.6 na kimo cha mita 0.7 na ushee. Ilipakwa rangi ya mafuta ya njano miaka mingi iliyopita. Sasa rangi imemenyuka pembeni, juu kuna madoa ya mafuta ya taa na nta ya mshumaa, na mguu mmoja unacheza. Watoto wawili wanaitumia kufanya kazi za shule, na mdogo wao anajifunza kusimama kwa kuushika ukingo wake. Mkumbuke huyu mdogo, maana tutamrudia.

Kwanza ichunguze

Kabla ya kununua hata brashi, igeuze meza miguu juu. Chukua ncha ya kisu uichome mbao taratibu sehemu za chini, hasa ncha za miguu ambazo hukaa kwenye sakafu ya udongo wenye unyevu. Kisu kikizama kama kinaingia kwenye ndizi mbivu, mbao imeoza. Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga laini unadondoka, mbao imebunguliwa na wadudu. Ukiona njia za udongo zimepanda mguuni, hao ni mchwa. Rangi haitibu hata moja kati ya haya. Huficha tu, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Sehemu iliyooza hukatwa na kuungwa kipande kipya. Mguu unaocheza huvuliwa, gundi kuukuu ikakwanguliwa, gundi ya mbao ikapakwa, kisha kiungo kikafungwa kwa kamba na kuachwa kikauke usiku kucha. Kupigilia msumari mkubwa kwenye kiungo kilicholegea ni haraka ya kupoteza: mara nyingi msumari huipasua mbao, na mguu huanza kucheza tena. Kazi ya useremala imalizike yote kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Hatari iliyo ndani ya rangi ya zamani

Hapa mwanafunzi atulie asome polepole, kwa kuwa vitabu vingi hupita sehemu hii kwa sentensi moja.

Kwa karne nyingi watengenezaji wa rangi walitia madini ya risasi kwenye rangi. Risasi iliifanya rangi ikauke haraka, idumu na iwe na mng'ao mkali, hasa ile ya njano, nyekundu na ya machungwa. Madhara yake yalijulikana mapema. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti matumizi ya risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi, kwa ajili ya kuwalinda mafundi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira unapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Lakini rangi iliyokwisha kupakwa haisomi mikataba. Inabaki pale pale mezani, na rangi kuukuu ya njano kama ya meza yetu ni ya kushukiwa.

Risasi inaingiaje mwilini? Rangi ikiwa nzima na imeshika, hatari ni ndogo. Hatari huanza inapomenyuka, na huongezeka sana inapokwanguliwa ikiwa kavu. Vumbi lake huvutwa kwa pumzi, hutua sakafuni, hushika vidoleni, na vidole vya mtoto huishia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile cha risasi na mtu mzima, mwili wake unaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi. Risasi huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza, hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sasa umeona kwa nini tulimtaja yule mdogo anayeshika ukingo wa meza. Mtu anaweza kuipendezesha meza ya watoto wake na kwa kazi hiyohiyo akawapa sumu.

Kwa hiyo rangi ya zamani usiyoijua asili yake itendewe kama yenye risasi. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, kisima na mahali watoto wanapochezea. Tandika turubai au karatasi la nailoni chini. Lowesha rangi kwa maji kwanza, kisha ukwangue na kupiga msasa ikiwa imelowa, kwa kutumia msasa wa maji, ili vumbi ligeuke tope. Ziba pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Usiichome rangi kwa moto ili ibanduke, kwa kuwa moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Maganda yote yakusanywe na kufungwa ndani ya mfuko, yasifagiliwe shambani wala kutupwa motoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote. Mjamzito asikae karibu na kazi hii.

Sehemu ambazo rangi ya zamani imeshika imara si lazima zikwanguliwe hadi kwenye mbao. Zinatosha kukwaruzwa kidogo, zikiwa zimelowa, kisha zikafunikwa. Kadiri unavyovuruga kidogo ndivyo vumbi linavyokuwa dogo.

Kuandaa uso wa mbao

Mafundi rangi husema maandalizi ni kazi yenyewe na kupaka ni kumalizia. Hawatanii.

Huanza na kuosha. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga huondoa jasho la mikono na masizi. Nta hukwanguliwa kwa ukingo butu, na madoa ya mafuta ya taa hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini. Sababu yake ni kwamba rangi hushika kile inachokigusa. Ikigusa mafuta, hushika mafuta, na mafuta hayajaishika mbao.

Baada ya kuosha, meza iachwe kivulini ikauke kabisa. Mbao mbichi au iliyolowa ina maji ndani yake. Ukiifunika kwa rangi, jua likiwaka maji hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutoka, na rangi huinuka na kufanya malengelenge kama ngozi iliyoungua. Kwa watu wa Ngara, miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kwa kazi hii, isipokuwa vumbi jekundu la barabarani nalo huwa jingi. Funga kazi upande wa nyuma ya nyumba.

Mashimo na nyufa huzibwa kwa puti. Puti ikikauka hunywea kidogo, hivyo ijaze ipite usawa wa mbao, kisha uisawazishe kwa msasa.

Sasa msasa wenyewe. Karatasi ya msasa ina namba, na namba ikiwa ndogo chembe zake ni kubwa. Namba 80 hukwangua kwa nguvu, 120 hulainisha, 180 au 220 humalizia. Kazi ya msasa ni mbili. Ya kwanza ni kusawazisha kingo za maganda ya rangi ili zisionekane chini ya rangi mpya. Ya pili, ambayo ndiyo muhimu, ni kukwaruza uso unaong'aa. Uso laini kama kioo hauipi rangi mahali pa kushika. Mikwaruzo midogo huongeza eneo la kugusana na kuipa rangi vijishimo vya kuingia na kung'ang'ania. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi hizo kwa upande utaacha michoro ambayo kila mkono wa rangi utaionyesha wazi zaidi. Mwisho futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Rangi ni nini hasa?

Ndani ya kopo la rangi kuna vitu vitatu vikuu. Kuna chembe za rangi, ambazo hutoa weupe, wekundu au ubluu na kuufunika uso. Kuna kishikizo, ambacho huziunganisha chembe hizo na kuzibandika kwenye mbao. Hiki ndicho hubaki kikawa ngozi ngumu. Na kuna kiyeyushi, ambacho kazi yake ni kuifanya rangi iwe majimaji ili ipakike, kisha kinaondoka.

Tofauti ya rangi ya maji na rangi ya mafuta iko kwenye kishikizo na kiyeyushi. Katika rangi ya maji, kiyeyushi ni maji. Maji yakikauka, vitone vidogo vya plastiki vilivyokuwa vikielea husogeleana na kuungana kuwa utando mmoja. Katika rangi ya mafuta, kwanza tapentaini au thina hutoka kama mvuke, kisha kishikizo huanza kuvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kigumu. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali, na hayarudi nyuma. Ndiyo sababu kopo la rangi ya mafuta lililofungwa vibaya hufanya utando juu, na utando huo haukorogeki ukarudi kuwa rangi hata ukitia thina.

Je, meza yetu ilipakwa rangi gani zamani? Loweka kitambaa kwenye spiriti na usugue sehemu iliyojificha. Rangi ya maji italainika na kuchafua kitambaa. Rangi ya mafuta haitajali. Jibu lake lina maana, kwa kuwa rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa hubanduka kama ganda la kitunguu. Dawa yake ni msasa, halafu mkono mmoja wa praima.

Praima ni rangi ya kwanza inayopakwa chini ya rangi zote. Mbao hunywa. Sehemu yenye nyuzi zilizokatwa hunywa zaidi ya sehemu nyingine, na bila praima rangi itaonekana imekolea hapa na kufifia pale. Praima hushiba kiu hiyo. Kwa mbao za msonobari ina kazi nyingine pia: vifundo vya msonobari hutoa utomvu, na utomvu huo hupenya rangi nyeupe na kuacha doa la kahawia hata baada ya miezi. Vifundo hivyo vipakwe shelaki kabla ya praima.

Ninunue kiasi gani?

Swali la hesabu kama hili hupendwa na watahini, tena si gumu. Uso wa juu wa meza ni 1.2 × 0.6 = mita za mraba 0.72. Kila mguu una pande nne zenye upana wa mita 0.06 na urefu wa mita 0.7, yaani 0.24 × 0.7 = 0.168, kwa miguu minne ni 0.672. Mbao za pembeni chini ya uso wa meza zina jumla ya urefu wa mita 3.2 na kimo cha mita 0.1, yaani 0.32. Jumla ni 0.72 + 0.672 + 0.32 = 1.712.

Lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni 1.712 × 2 = 3.424, sawa na lita 0.34 hivi. Kopo la nusu lita linatosha na kubaki. Fundi anayekuambia ununue galoni nzima kwa meza moja, mwulize anapaka meza ya nani nyingine.

Kupaka

Koroga rangi kutoka chini, maana chembe nzito hutuama. Chovya brashi theluthi moja tu ya manyoya yake. Anza na miguu, meza ikiwa imegeuzwa, kisha isimamishe na umalizie uso wa juu. Paka kufuata nyuzi za mbao, na pitisha brashi ya mwisho kwa wepesi kutoka ukingo hadi ukingo.

Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Rangi nene hukauka juu kwanza, ikafungia kiyeyushi ndani. Ngozi ya juu hujikunja kama uso wa mzee, na chini hubaki tope kwa siku nyingi. Kwenye miguu, rangi nene hutiririka na kuganda kama machozi. Kwa sababu hiyohiyo usipake kwenye jua kali. Wengi hudhani jua linasaidia kukausha, kumbe linakausha ngozi tu. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida saa chache kwa rangi ya maji na karibu siku nzima kwa rangi ya mafuta, kisha pitisha msasa namba 220 kwa wepesi na ufute vumbi.

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi ya mafuta inaweza kuwa kavu kidoleni kesho yake, lakini huhitaji wiki kadhaa kuwa ngumu kabisa. Madaftari yakipangwa juu yake mapema yatanata, na yakivutwa yataondoka na rangi.

Jambo moja la usalama husahaulika. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visikunjwe na kurundikwa pembeni. Tumesema mafuta haya huvuta oksijeni; tendo hilo hutoa joto, na ndani ya rundo joto halina pa kutokea, hata kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vitandaze nje vikauke, au viloweke ndani ya maji.

Kuipamba

Meza yetu ingeweza kuishia hapo, ikiwa na rangi moja safi. Lakini watu wa Lukole wana jirani mwenye ufundi wa kuazima. Ng'ambo ya Rusumo, katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, wanawake hutengeneza imigongo: michoro ya mistari iliyovunjika, pembetatu na misharazari inayoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha ikapakwa rangi. Rangi zake za asili ni tatu tu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na uchache huo ndio unaoipa nguvu. Ukanda mmoja wa mistari ya namna hiyo pembeni mwa uso wa meza hupigwa kwa urahisi: bandika tepu ya karatasi, paka kati yake, na uivute tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili ukingo usichanike.

Wanafunzi wa sanaa wamkumbuke pia Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Alianza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 kwenye vipande vya mbao za kubandika, akitumia rangi ya mafuta inayong'aa ya kupakia baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, akachukua kilichokuwapo dukani. Rangi hiyo ni ndugu wa ile tuliyoipaka kwenye meza yetu.

Jipime

1. Mwanafunzi alipaka rangi ya maji juu ya meza iliyokuwa na rangi ya mafuta inayong'aa bila kupiga msasa. Baada ya mwezi rangi ilibanduka. Eleza chanzo, na taja hatua mbili alizoziruka.

2. Kwa nini rangi kuukuu isiyojulikana asili yake hupigwa msasa ikiwa imelowa? Eleza kwa kumhusisha mtoto mdogo.

3. Kabati lina mita za mraba 4.5 za kupakwa. Litahitaji lita ngapi za rangi kwa mikono miwili, ikiwa lita moja hufunika mita za mraba 10?

4. "Jua kali hukausha rangi vizuri." Pinga kauli hii kwa kutumia ulichosoma kuhusu kiyeyushi.